Kumtafuta Wakesho Kwenye Makumbusho ya Meli

Wanakwaya wenzangu, mmenichosha. Nikienda kusaga mahindi, swali. Nikikaa kwa kinyozi, swali. Hata mchungaji alinivuta nyuma ya kanisa baada ya ibada, nikafikiri anataka kuniombea, kumbe naye: "Mwadime, huko Jedda kulikuwaje?" Nimeona afadhali niandike mara moja, mpokezane, mniache nipumue. Habari za ajenti, za ubalozi na za mihuri naziruka. Nilizunguka ofisi hizo mpaka walinzi wakawa wananisalimu kwa jina, na nilichopata ni kiti cha kungojea.

Dada yangu Wakesho mnamjua, yule mrefu wa sauti ya pili aliyewapita wanaume wote wa safu ya nyuma. Alikwenda Jedda kufanya kazi za nyumbani wakati mimi tayari nilikuwa dereva wa familia moja Riyadh. Nchi ni moja, lakini kati yetu kulikuwa na jangwa zima, na hatukuwahi kuonana. Tulikuwa tunatumiana sauti kwenye simu. Halafu simu yake ikazimika. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Ajenti akasema bosi wa Wakesho amehama nyumba. Amehamia wapi? Hajui.

Nilibaki na picha moja. Wakesho amesimama kando ya nanga kubwa kuliko gari dogo, amevaa sare ya zambarau, na wasichana wawili mapacha wamemshika mikono. Pamoja na picha alituma sauti: "Kaka, hapa ni makumbusho ya meli. Hawa watoto wana wazimu wa meli. Kila Ijumaa baada ya alasiri lazima tuje hapa, baba yao asipotuleta nyumba haikaliki." Basi. Nyumba siijui, bosi simjui, lakini Ijumaa baada ya alasiri najua watakuwa wapi.

Malaz, Riyadh: naendeshwa na bosi

Mkataba wangu ulipokwisha nilimwomba bosi wangu wa Malaz anikatie tiketi ya kurudi nyumbani kutokea Jedda, si Riyadh. Akacheka. Akadhani nataka kuogelea baharini kabla sijaondoka. Nikamwonyesha picha, akaacha kucheka.

"Jedda ni kubwa, na wasichana wa kazi ni wengi," akasema. "Utamwuliza nani?"

"Nitawauliza wenye meli, baba."

Akatikisa kichwa, lakini tiketi akakata: Jumamosi usiku, kutokea Jedda. Maana yake nilikuwa na Ijumaa moja tu. Nikiikosa hiyo, visa imeisha, safari imeisha, na mama kule Wundanyi atapokea mtoto mmoja badala ya wawili.

Alhamisi asubuhi akanipeleka mwenyewe kituo cha basi. Miaka yote hiyo nilimwendesha mimi, na siku hiyo ndipo nilipojua kwa nini aliajiri dereva. Anashika usukani kwa kidole kimoja, simu sikioni, na kila gari lililo mbele yake ni adui. Nilisali njia nzima. Kituoni alinikumbatia, akasema, "Yalla, Mwadime, mlete dada yako nyumbani." Nilimpenda kwa neno hilo, maana hakuna mwingine aliyekuwa ameniambia hivyo.

Basi la watu wa Umra

Basi lilitakiwa kuondoka alfajiri. Liliondoka jua limeshakuwa kali. Abiria karibu wote walikuwa wanakwenda Umra, na upande wa pili wa njia alikaa bibi mmoja wa Kimisri na kapu lake. Hatujamaliza mji akaanza kunilisha: mkate, jibini nyeupe, mayai ya kuchemsha, zeituni. Alizungumza bila kupumzika. Kiarabu changu ni cha gari na cha sokoni: kulia, kushoto, simama, bei gani. Kwa hiyo kila alichosema nilijibu inshallah, na kila nikisema inshallah ananiongezea yai.

Katikati ya jangwa kiyoyozi kikafa. Tukasimama kituo cha mafuta, fundi akaingia chini ya basi, akatoka, akaingia tena. Mimi nilimwambia mkanda ndio umekatika, unaonekana pale pale. Nani anamsikiliza Mkenya? Tulikula wali wa kabsa kwenye sinia, tukanywa chai, tukanywa nyingine, na nzi wakala pamoja nasi. Baadaye fundi akatoka na mkanda mkononi. Umekatika. Nilitaka kumzaba kofi.

Jua lilipoanza kuteremka tukafika kizuizi cha Taif. Askari akapanda, akakusanya ikama zetu, vile vibali vya kukaa nchini. Alipofika kwenye yangu akaisoma, akanitazama, akamgeukia dereva.

"Huyu si Mwislamu. Basi linapita Makka. Ashuke."

Mungu wangu! Mkenya yeyote Mkristo aliyeko Saudia, hata wa wiki moja, anajua kuuliza basi linapita njia gani, kwa sababu Makka haingii asiye Mwislamu. Mimi ni dereva, nimewaelekeza wenzangu hilo mara ngapi, na siku hiyo sikuuliza. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ile nanga.

Yule bibi aliona nimekamatwa. Akanishika shati, akamgombeza askari, na abiria mmoja akanitafsiria kwa Kiingereza: huyu ni mtu mwema, ameniahidi ataliombea goti langu mbele ya Kaaba! Ndipo nikajua inshallah zangu zilikuwa za nini. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu, "Mama, mimi masihi," yaani Mkristo. Akaniachia shati. Nilipokuwa natoa begi langu chini, dirisha likafunguliwa, na mkono wake ukanitupia mkate uliobaki.

Taif: magari yanayongoja kujaa

Taif kuna baridi, jamani. Nilitoka Riyadh na shati jepesi, nikasimama kando ya barabara nikitetemeka na mkate mkononi. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni wakinitazama, wale wale wetu wa Maungu, na mmoja aliutamani mkate wangu waziwazi.

Kuna njia nyingine inayoizunguka Makka kwa mbali, na magari yake ni ya kuchangia. Dereva wa Kipakistani akaniambia panda, tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi yake ilikuwa gari lijae. Abiria mmoja akaja, akachoka kungoja, akashuka. Wengine wawili wakaja, yule wa kwanza akarudi akagombania dirisha. Nilikaa pale nikiona giza linaingia, na moyo wangu nao unaingia giza. Nikasema kwa sauti, Kitaita kitupu, maana hakuna wa kunielewa: Mungu, kama hutaki nimwone, sema tu, unanizungusha kwa nini?

Hakusema. Gari likajaa.

Sharafiya: ugali kwa Wafula

Jedda nilipokelewa na Wafula, mtu wa Bungoma, mlinzi, tuliyewahi kukaa naye chumba kimoja Riyadh. Anaishi Sharafiya juu ya duka la simu, na ngazi zake zinanuka mafuta ya samaki. Alinipikia ugali na majani ya jarjir, machungu kama dawa, akasema ndiyo sukuma wiki ya huku, ule unyamaze.

Akaitazama picha kwa muda. "Huko ndani wanamwitaje?"

"Si nimekwambia, Wakesho."

"Wee, madam gani atapinda ulimi kusema Wakesho? Wanampa jina. Mimi mwenyewe kazini ni Yusuf, na mchungaji wangu akisikia atazimia. Ukiuliza Wakesho hapa Jedda utauliza mpaka uote mvi."

Sikuwa nimewaza hilo. Nililala nikijaribu kumpa dada yangu majina, moja baada ya jingine, na hakuna lililomkaa.

Makumbusho ya meli

Ijumaa nilifika mapema mno. Mlango ulikuwa umefungwa mpaka baada ya swala, lakini nanga ilikuwa pale nje, ile ile. Nikaweka kiganja mahali ambapo Wakesho aliweka chake kwenye picha. Chuma kilikuwa cha moto, nikakitoa haraka.

Walipofungua, mwonyeshaji wa wageni alikuwa mzee wa Kisudani, Idrisa, aliyewahi kulisha makaa tanuri za meli na kuokota Kiswahili bandarini Mombasa. Nikampa picha. Akaishika mbali na macho, akatabasamu.

"Huyu? Huyu ni Maryam!"

"Unamjua?"

"Maryam wa mapacha. Ijumaa iliyopita alikuwa hapa. Ngoja alasiri, utamwona."

Wenzangu, sijui niwaeleze vipi. Nilimkumbatia mzee wa watu mpaka kofia yake ikaanguka. Nilimpigia Wafula, nikamwambia yuko hai, anaitwa Maryam! Wafula akapiga kelele kazini kwake mpaka nikasikia mtu akimkemea. Nilitaka kumpigia mama, kidole kikawa tayari juu ya namba, nikajizuia. Nikasema nitampigia Wakesho akiwa kando yangu, amsikie mwenyewe.

Nilitaka kukaa mlangoni tu. Idrisa akakataa katakata: umeingia, lazima uone. Akanivuta chumba hadi chumba. Akanionyesha kofia ya shaba ya wapiga mbizi, nzito kama sufuria ya harusi. Akanionyesha injini iliyopasuliwa tumbo watu waone ndani, akasema imetoka Japani. Nikamwambia Japani mimi najua magari yao. Akafurahi, akaanza kunieleza bandari za huko alizofika, mvua zake, supu zake, na kila alipovuta pumzi mimi nilitazama mlango. Kuna chumba cha usukani ambapo watoto wanaendesha meli kwenye kioo kikubwa, mawimbi yanakuja, honi inalia. Akasema hapo ndipo mapacha wanapogombania. Mwisho akanisimamisha mbele ya kabati la kioo lenye mfano wa meli ya zamani ya mahujaji, watu wadogo wadogo wamejaa sitahani. Hapo nikasikia vicheko vya watoto mlangoni.

"Maryam! Maryam, yalla!"

Mapacha wakapita mbio, wamekua kuliko kwenye picha. Nyuma yao baba, nyuma yake madam, na nyuma ya wote sare ya zambarau, imeinama inaokota kiatu cha mtoto. Nilikimbia. Niliita, "Wakesho!" Hakugeuka. Nikaita, "Dada!"

Akainuka. Sare ilikuwa inaburuzika chini, mikono imekunjwa. Alikuwa mfupi, mdogo, mwenye mwanya. Si yeye. Haki ya Mungu, si yeye.

Idrisa alikuja nyuma yangu akifurahi bado. "Si nilikwambia? Maryam."

"Siye."

Akachukua picha tena, safari hii akaileta karibu kabisa na macho. "Mimi nilitazama watoto," akasema. "Watoto na nguo. Nisamehe."

Nilirudi mbele ya meli ya mahujaji kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kusimama. Punde nikaona zambarau kwenye kioo. Yule binti alikuwa amekuja kusimama kando yangu, mbali kidogo, akifuta vidole vyake kwa kitambaa cha mtoto.

"Kaka, usinitazame," akasema kwa Kiswahili cha pwani. "Madam yuko hapo. Tazama meli."

Nikatazama meli. "Wewe ni nani?"

"Ndimi Maryam. Aliyekuwepo kabla yangu naye alikuwa Maryam. Nyumba ile kila anayeingia ni Maryam, watoto wamezoea."

"Alikwenda wapi?"

"Mimi sikumkuta. Madam alinambia amerudi kwao."

"Hakurudi. Mimi ni kaka yake."

Niliuona uso wake kwenye kioo, juu ya wale watu wadogo wa sitahani. "Nilijua hakurudi," akasema. "Sanduku lake liko chini ya kitanda changu. Viatu vyake vya safari vimo, havijavaliwa. Na hii sare ni yake. Kaka, mtu anarudije kwao akaacha sanduku?"

Nikashindwa kuvumilia. Niliambiwa miaka yote Saudia usimfuate mtu mwenye familia yake, shusha macho, sema naam. Nikamfuata yule bosi mpaka chumba cha usukani, nikamwonyesha picha. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Aliniitikia salamu.

"Huyu ni dada yangu. Yuko wapi?"

"Maryam? Halas. Amesafiri. Kenya."

"Lini? Ndege gani?"

"Mafi habari, sijui. Uliza ofisi."

"Ofisi inasema niulize wewe!"

Mmoja wa mapacha akaacha usukani, akaja kuitazama picha mkononi mwangu. Akaweka kidole juu ya uso wa Wakesho. Alisema kwa Kiarabu chepesi cha kitoto, na hicho nilikielewa chote, hakuna neno lililonipita: "Huyu ni Maryam mrefu. Alikuwa mgonjwa, akalala. Mama alimwamsha, hakuamka. Wakaja watu na gari."

Baba akamshika mkono akamvuta. Madam alikuwa amekwisha kusimama. "Mtoto anaota," akasema yule bwana, lakini mimi sikuwa nimemwuliza. Wakatoka haraka, pacha mwingine akilia kwamba zamu yake ya kuendesha haijafika.

Binti wa zambarau alitoka mwisho, mikoba mabegani. Alipopita karibu yangu hakupunguza mwendo.

"Mimi ni Mbeyu wa Chirima," akasema haraka, chini chini. "Wa Taru, nyuma ya tangi la maji. Kaka, mfikie mama. Mwambie jina langu umelisikia."

Namba ya gari lao niliishika, dereva haachi namba. Asubuhi Wafula alinipeleka polisi, wakasema njoo Jumapili. Jumapili mimi nitakuwa angani. Namba nikaituma ubalozini kwa simu, na mpaka leo wanasema wanafuatilia. Lakini ile jioni sikuweza hata kuwaza polisi. Nilikaa chini sakafuni, mwanamume mzima, nikalia kati ya meli, na Idrisa akakaa chini pamoja nami na kuwaambia wageni wazungukie upande mwingine.

Taru

Nilitua Mombasa, na nikielekea nyumbani nikashuka Taru. Nyuma ya tangi la maji nilimkuta mama mmoja akichambua kunde. Nilipotaja jina la Mbeyu mikono yake ilibaki hewani.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mama. Nilisimama naye hivi."

"Amekonda?"

"Hapana. Nguo ndiyo kubwa."

Akapiga kigelegele, majirani wakaja. Nilirudia habari yangu yote, fupi kama ilivyokuwa, kwa kila aliyefika na maswali yake: sauti yake ikoje, mwanya bado upo, anacheka? Walichinja kuku. Nilimla yule kuku nikitamani kumchukia yule mama kwa furaha yake. Sikuweza, maana alinishika mkono muda wote niliokuwa nakula, kana kwamba mkono wangu umemgusa mtoto wake.

Wundanyi

Mama alikuwa amesimama nje. Kabla ya salamu alitazama nyuma yangu, barabarani.

"Umemwona?"

"Sikumwona, mama."

Akaushika mlango. Nikangoja aanguke, nikaweka begi chini nimdake. Hakuanguka.

"Kama hukumwona, basi yuko mahali," akasema. "Angekuwa amekufa wangekuonyesha." Akaingia ndani, na jioni ile akatandika vitanda viwili, changu na cha Wakesho.

Maneno ya yule mtoto sijamwambia. Nimejaribu mara nyingi. Ninakaa naye jikoni, ninafungua mdomo, naye ananiuliza kama Jedda kuna joto, kama Wakesho atakuwa na nguo za kutosha. Ninyi mmeuliza, nimewaandikia. Karatasi hizi someni, kisha zirudi mkononi kwangu. Na Jumapili mkimwona mama ameweka kitambaa chake kwenye benchi la sauti ya pili kumshikia Wakesho nafasi, nawaomba, msikae hapo.